Siku ya Pili ya Matanga

Leo ni siku ya pili tangu nimzike Riziki, mke wangu. Huku Mwezini sheria inasema siku ni jua kuchomoza hadi kuchomoza tena, na jua letu huchukua karibu mwezi mzima wa Duniani kurudi pale pale. Mfiwa hukaa mkekani siku tatu. Hapiki, hafui, haendi kazini.

Majirani wanapokezana kuleta chakula. Mwanzoni walilia nami. Sasa wanaweka sahani, wanasema pole, wanatazama dirishani, ambako Dunia imening'inia mahali pake, haichomozi wala haitui.

Dada yangu Mishi alipiga simu kutoka Kisauni, huko Duniani.

"Kaka, jana tumemsomea arobaini. Watu walijaa. Na nyinyi je?"

"Sisi hata matanga hatujaanua."

"Bado unalia?"

"Sikumbuki."

Siku ya kwanza mwanangu Athumani alikuwa anatambaa. Leo amesimama, akavuka mkeka kwa miguu yake mpaka kwa Bi Saumu, jirani anayemlisha na kumwogesha. Wanawake walifungua vinywa wapige vigelegele, wakakumbuka ni matanga, wakavifunga.

Mtoto akamshika Bi Saumu kanga, akamwita mama.

"Mkanye, Baba Athumani," Bi Saumu akasema taratibu. "Mwenzio hata siku tatu hajamaliza kaburini."

Nikafumba macho nimtafute Riziki. Uso ulionijia ulikuwa wa Bi Saumu.