Kitunguu Kilichoungua

Mke wa fundi magari aliikataa meza ya dirishani, akachagua ile inayotazamana na mlango wa jikoni. Fundi akavuta kiti. Kwenye mgahawa wa wiki iliyopita mkewe alichagua meza ya namna hiyohiyo, na kwenye ule wa kabla yake pia.

Mhudumu alileta menyu yenye jalada la ngozi. Mkewe hakuifungua. Akaagiza supu, basi.

Fundi alikuwa halali vizuri siku hizi. Mwanamke amewashonea watu nguo miaka yote bila kudai hata soda, leo anataka kula penye mishumaa na vitambaa vyeupe, kila Jumamosi mahali tofauti, na mahali penyewe anapachagua yeye. Akifika anaonja vijiko viwili, uso unamsinyaa, anataka warudi nyumbani. Fundi alipomuuliza anatafuta nini, alijibiwa kwamba anatafuta supu.

Alimweleza rafiki yake mpiga rangi. Walikuwa wamekaa chini ya kibao cha gereji, kile ambacho maneno "na Mwanawe" mpiga rangi huyohuyo alikuwa ameyafunika kwa rangi nyeusi. Rafiki alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanamke hachagui hoteli, ndugu yangu. Anachagua mtu. Wewe umebebwa kama tairi la spea."

Tangu hapo fundi alikwenda kama mlinzi, si kama mlaji. Aliwakagua wahudumu mmojammoja, nani anamtazama sana mkewe, nani anatabasamu kupita kiasi. Hakupata kitu. Lakini lisemwalo lipo, alijiambia.

Supu ikaja. Mkewe akaonja, na safari hii hakukiweka kijiko. Akaonja tena, macho ameyafumba. Kisha akamsogezea mumewe bakuli.

Fundi akaonja, akaguna. Ilikuwa supu ya maboga, laini, ya wenye nazo, ila chini yake kulikuwa na kitunguu kilichoungua. Kosa lilelile la mkewe, alilolilalamikia tangu wafunge ndoa. Kila siku mke alikiacha kitunguu kishike sufuria huku akimalizia pindo la nguo ya mtu, na hakuna mwingine duniani aliyejua kukiunguza vile.

"Yaani tumevaa viatu vya harusi tukaja kula kosa lako," alisema.

Mkewe hakucheka. Alimwita mhudumu, akaomba kumwona mpishi.

Hapo kicheko kikamkauka fundi. Kitunguu namna ile hakifundishwi chuoni. Huyo mtu amekula nyumbani kwake. Amesimama kwenye jiko lake, ubavuni mwa mkewe, tena si mara moja, na yeye mwenye nyumba yuko gerejini amelala chini ya magari ya watu.

"Ni nani huyo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ukimwona utamjua." Mkewe alimshika kiganja. "Ila nakuomba, mzee, safari hii usimpige."

Usimpige. Kwa hiyo kweli lilikuwepo. Fundi alikichomoa kiganja chake, akasukuma kiti nyuma, akakunja ngumi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka kijana mrefu mwenye ndevu, koti jeupe, kofia mkononi. Mkewe alishasimama. Akamwangukia kifuani mbele ya watu wote, na mkono wa mpishi ukamzunguka mgongoni, mikono ya koti imekunjwa hadi kwenye viwiko. Juu ya kifundo cha mkono kulikuwa na kovu refu la kuunguzwa na bomba la moshi la gari, jeraha ambalo fundi mwenyewe alilipaka dawa na kulipuliza kila jioni mpaka likapona.

Ngumi yake, ileile iliyomfukuza kijana gerejini, haikujua pa kwenda.

"Shikamoo, baba," mpishi alisema.