Samaki Asiyefanana na Wenzake

Fundi alikuwa ameiinamia picha ya samaki mwenye pembe kwa muda mrefu kupita kiasi. Msimamizi wa chumba cha vitabu vya kale aliacha kupanga kadi zake, akasogeza kiti karibu. Tangu asubuhi hakuwa ameondoa macho kwenye mikono ya yule mtu.

"Mama, utanimaliza kwa macho," fundi alisema bila kugeuka. "Hata koti nimeliacha mlangoni. Nitaficha wapi?"

"Mwizi hakosi pa kuficha, baba. Fanya kazi."

Fundi alicheka peke yake.

Mkurugenzi ndiye aliyemleta, tena bila kumuuliza msimamizi. Kitabu kilikuwa na samaki arobaini wa ajabu, waliochorwa kwa mkono karne mbili zilizopita: bunju aliyevimba kama mpira, mkunga mwenye ndevu, samaki wa mapezi kama vidole. Mchoraji aliwapaka rangi wangali wanapapatika, maana samaki akifa, rangi nazo humtoka. Ijumaa kitabu kingesafirishwa kwenda kwenye maonyesho. Kwanza kisafishwe.

Picha moja tu ikizua maneno, wa kwanza kuulizwa angekuwa msimamizi, na polisi hawaulizi kwa upole.

Fundi alichukua kioo cha kukuzia. Msimamizi akasimama.

"Unatafuta nini? Si umeitwa kufuta vumbi?"

"Vumbi nalo lina mambo yake, mama."

Alifunua kurasa za nyuma, akarudi za mbele, akalinganisha. Akanusa karatasi. Msimamizi alikwenda akafunga mlango kwa ndani.

"Vizuri umefunga," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu amekuchezea. Sikutaka mkurugenzi asikie kabla yako."

"Amenichezea vipi?"

"Ametoa picha ya kweli, akabandika ya bandia."

Msimamizi alikaa.

"Ngapi?"

"Moja. Huyu mwenye pembe. Tazama, rangi imevuka mstari, pezi halikumaliziwa, kama aliyechora alikuwa anakimbizwa na mbwa. Hawa thelathini na tisa wametulia, mkono ni mmoja, kazi safi. Huyu si mwenzao."

Msimamizi alimtazama yule samaki. Pumzi zilimrudia polepole.

"Mbandue," alisema. "Nipe mimi. Na mkurugenzi nitamwambia mwenyewe."

"Na pengo lake?"

"Hilo niachie. Kufikia Ijumaa litakuwa limejaa."

Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kitambaa safi. Kati ya samaki wote arobaini, ni huyo tu ambaye yeye mwenyewe alikuwa bado hajapata nafasi ya kumchora.