Sahihi ya Aliyesikia

"Baba, yule mama wa jana alihamaki kwa sababu ufunguo wake ulikwama," binti alisema, kisha akasukuma kijikaratasi mezani, katikati ya tupa na vumbi la shaba.

Fundi kufuli hakuinua uso. Alishika kalamu, akatia sahihi, akarudi kwenye ufunguo aliokuwa akiuchonga.

Hivyo ndivyo wiki ilivyoanza. Mwalimu wa lugha alikuwa na mtindo wake, na hakuna aliyethubutu kuubishia. Kila siku alichagua neno moja gumu kutoka kwenye mchezo wa kuigiza waliokuwa wakiusoma, mchezo wa zamani wa kuchekesha. Mwanafunzi alitakiwa alitumie neno hilo nyumbani, mbele ya mtu mzima, naye mtu huyo atie sahihi kwamba amelisikia. Neno lisilotoka darasani, alisema mwalimu, ni kiatu kisichotoka dukani.

Mtaani walimwita yule fundi Komeo, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ukimwomba jambo, jibu lake la kwanza lilikuwa hapana, na la pili lilikuwa kimya. Sasa kikundi cha maigizo cha shule kilikuwa kinakwenda kuucheza mchezo ule kwenye mashindano, siku nne, mji mwingine, na binti alikuwa amepewa nafasi ya mtumishi mjanja. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Komeo alisikia "siku nne", akasema hapana, akawasha mashine ya kuchonga funguo ili mazungumzo yaishie hapo.

Fomu ya ruhusa ikarudi mkobani haina sahihi. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa saa tisa. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa jirani yake wa dawati, ambaye tayari alikuwa anapimapima vazi la mtumishi mbele ya kioo cha watu.

Jumanne likaja neno takabari, Jumatano inda. Kila siku Komeo alitia sahihi bila hata kukitazama kijikaratasi, na hilo binti aliliona vizuri. Kitabu chenyewe cha mchezo alikuwa akikiacha mezani kwa baba yake anapokwenda kupika, na kila alipokirudia alikikuta na alama mpya za grisi, mpaka kurasa za katikati. Aliilaumu meza.

Alhamisi neno lilikuwa ghilibu. Komeo alilirudia polepole, kama anayeonja chumvi, akatia sahihi.

Na hapo ndipo wazo lilipomwingia binti, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa umeshamwonyesha njia. Kwenye sehemu ya pili kuna bwana mkali asiyemruhusu mtumishi wake atoke hata mlangoni. Mtumishi anaiweka barua ya ruhusa chini ya orodha ya vitu vya sokoni, anaacha mstari wa sahihi tu uonekane, na bwana anatia sahihi huku akilalamikia bei ya vitunguu. Binti alikuwa ameyasoma maneno ya mtumishi mara tatu, akayajua kwa moyo. Yale maelezo ya ndani ya mabano aliyaruka, maana mwalimu hakuwa akichukua maneno ya huko.

Ijumaa alirudi mchana. Kibanda cha baba yake hakikuwa na dirisha, na taa ya mezani ilikuwa inawaka kama kawaida. Aliweka kijikaratasi juu, fomu chini yake, na mstari mmoja ukichungulia.

"Baba, kufuli hili ni gumu, hata ayari hawezi kulivunja."

Komeo aliweka tupa chini. "Ayari ni laghai, havunji kufuli, mwanangu," alisema. "Hungoja mwenye nyumba amfungulie."

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia wiki ile, na binti akababaika kidogo. Komeo akauliza mbona leo mistari ni miwili. Binti akajibu kwamba neno la leo ni gumu, mwalimu anataka sahihi mbili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, ila tamaa ilikuwa imeshatangulia mbele. Akageuza uso, akajifanya anahesabu funguo zilizoning'inia ukutani.

Komeo alichukua muda. Alisema kalamu haitoi wino vizuri. Halafu akazikunja karatasi zote mbili mwenyewe, zisije zikashika grisi, akamkabidhi, akamwambia awahi.

Binti alikimbia. Hakuthubutu kuzikunjua njiani, asije akabadili nia. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi, saa mkononi, na jirani wa dawati alikuwa nyuma yake, vazi la mtumishi limemkaa begani.

"Baba amekubali?" mwalimu aliuliza.

"Amekubali," binti alisema.

Mwalimu aliikunjua fomu, akasoma, akarudia kusoma. Alivua miwani. Kisha akaigeuza fomu upande wa binti na kumwekea kidole pale pa sahihi, ambapo mwandiko wa Komeo, uliochongoka kama meno ya ufunguo, ulikuwa umejaza mstari na kumwagikia pembeni:

"Neno nimelisikia, na amelitumia kwa vitendo. Lakini ukurasa wa arobaini, ndani ya mabano, mtumishi anazima taa kwanza. Aende akafundishwe."