Makande ya Mwaka Ule

Mama Elinami, jirani yake Nakijwa, aliapa kwamba mzee anayekaa kwenye nyumba ya udongo, kule makumbusho ya walowezi, alimkonyeza mjukuu wake mwenyewe aliyekuja kumtazama. "Kwa macho yangu haya, Nakijwa! Nenda na wewe kwa mama yako, ukamtazame vizuri."

Katika jimbo lile la nyasi, katikati ya Marekani, kila aliyetimiza miaka sabini alihamia makumbusho. Alipangiwa mwaka mmoja wa ujana wake, akauishi huo tu, siku zote, mbele ya wageni. Akionekana kumtambua mtu wa baada ya mwaka huo, hata mwanawe aliyekwisha kukua, chumba chake kilifungwa, na wanawe hawakumwona tena.

Nakijwa akasafiri kwa muda wa saa nne katikati ya mashamba ya mahindi, akaingia makumbusho, akapita ngome ya zamani na stesheni isiyo na treni, mpaka kwenye Jiko la Wahamiaji. Ng'ambo ya kamba ya kuzuia wageni, mama yake alikuwa akichagua maharage kwenye ungo, amejifunga kitenge chake kilekile cha zamani. Harufu ya makande ikamfanya Nakijwa ameze mate kama zamani.

"Karibuni, wageni," mama akasema. "Namngoja mwanangu atoke shule. Ana miaka saba, mbishi huyo! Hali makande mpaka nimpe kwenye kifuniko cha sufuria."

Wageni wakacheka. Nakijwa akainama juu ya kamba.

"Shikamoo, mama," akanong'ona. "Nimeshatoka shule. Niangalie kidogo tu."

Mama akauweka ungo chini. Kisha akageukia dirisha lililochorwa ukutani, akaita kwa sauti iliyokwaruza kidogo, "Nakijwa! Njoo, chakula kinapoa!"