Betri Zilipoisha

Betri ziliisha Nyakerario akiwa katikati ya neno. Mtoto huyo wa miaka mitano alibonyeza tena na tena kimashine cha kutamka herufi alicholetewa na babake kutoka Nairobi, lakini wapi! Machozi yakamlengalenga.

Nyanyake, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliacha kumenya ndizi. Majuma mengi alikuwa akikisikiliza kimashine hicho kutoka jikoni, na kuchungulia kitabu cha mtoto kila alipopita. Akasogea, akaweka kidole chenye utomvu juu ya kitabu.

"Hiyo ni mmm," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu aaa."

"Ma," mtoto akafuata. "Ma... ji. Maji! Nyanya, kumbe unajua kusoma?"

Nyanya alikitazama kidole chake, kilichokuwa bado palepale kwenye neno.

"Hebu fungua kwingine," akasema, "twende polepole."