Diski Isiyosema Uongo

Muuzaji alikuwa bado anatabasamu pale Chomoa alipochomoa waya wa umeme.

Mashine ya majaribio ikazima puu. Tabasamu la muuzaji nalo likaenda zake.

"We fundi, una wazimu?"

"Kidogo tu," alijibu Chomoa, akarudisha waya.

Hospitali nzima ilimwita Chomoa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye orodha ya mishahara. Yeye ndiye aliyekuwa akiilea seva, ile yenye kanzidata ya wagonjwa wote: nani ana presha, nani hapatani na penisilini, nani ana damu ya kundi gani. Seva yenyewe ilikuwa hoi. Diski zake tatu za kuzunguka zilikwaruza kama mtu anayekwangua ukoko, na daktari akitafuta jina la mgonjwa, mgonjwa alipata muda wa kupona mwenyewe. Diski mpya zilihitajika, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwamba muuzaji aliyeletwa ni shemeji yake Mkurugenzi.

Mashine ikawaka. Chomoa akahesabu. Diski ya shemeji ilikuwa imetangaza kwamba imeandika kumbukumbu elfu tatu. Zilizokutwa ndani ni elfu mbili mia nane na kumi.

"Mia na tisini ziko wapi?"

"Zilikuwa zinaandikwa," alisema shemeji.

"Ilisema imeshaandika."

"Ilikuwa inaelekea kuandika."

"Ahaa! Kumbe ni kama yule anayekwambia yuko njiani, na bado hajaoga!"

Mama Faili, mtunza kumbukumbu wa hospitali, alicheka mpaka akavua miwani. Mama huyu alitunza mafaili ya karatasi miaka thelathini bila kupoteza hata kadi ya chanjo, na kompyuta zilipokuja akapewa kazi ya kunakili kanzidata kila asubuhi.

"Lakini jamani, nani anachomoa waya namna hii?" shemeji alilalamika. "Huo ni uchokozi!"

Taa za jengo zima zikakatika. Baada ya muda jenereta likanguruma, zikarudi. Chomoa akamwonyesha taa kwa kidole.

Chomoa alikuwa na chaguo lake mezani: diski za chipu kutoka duka lingine, zisizo na kitu kinachozunguka, zenye akiba ndogo ya umeme tumboni ya kumalizia kuandika hata waya ukichomolewa. Bei yake ilimfanya Mkurugenzi akohoe. Lakini Chomoa alikuwa amezichomolea waya mara arobaini, na kila mara walikuta elfu tatu. Mkurugenzi alitazama diski, akamtazama shemeji yake, akapumua kwa nguvu.

"Haya, weka hizo zako. Ila sikiliza, fundi. Nimemwaibisha ndugu wa mke wangu kwa ajili yako, na leo nyumbani sina amani. Kumbukumbu ya mgonjwa hata mmoja ikipotea, usisubiri barua. Kusanya vitu vyako uende. Kliniki inafunguliwa saa nane."

"Ondoa shaka, mkuu. Mimi siamini mpaka nione. Katika jengo hili lote, na kasiki la mhasibu likiwemo, hakuna mahali salama kama ndani ya seva yangu. Si nasema kila siku? Muulize Mama Faili."

"Kila siku," alisema Mama Faili. "Mpaka nimekariri."

Chomoa akaizima seva. Kabla ya kugusa kitu akageuka.

"Mama, nakala ya leo?"

"Nimeshanakili, mwanangu, tangu asubuhi. Ya jana ipo, ya juzi ipo. Zote nimezihifadhi pazuri."

Mama Faili akisema kitu kipo, kipo. Chomoa akachomoa zile diski tatu kongwe, akazipanga mezani.

"Basi angalau hizo chakavu nipe mimi," alisema shemeji, mkono tayari umeshafika. "Nikazitupe."

Damu ikamchemka Chomoa. Azitupe! Wiki haiishi, magonjwa ya watu yangekuwa yanauzwa sokoni pamoja na redio mbovu. Sheria ya hospitali ilisema diski haitoki katika chumba cha seva kabla ya kutobolewa, na leo Chomoa aliipenda sheria kuliko siku zote.

"Thubutu!"

Akachukua drili. Akatoboa ya kwanza matundu manne, ya pili manne, na ya tatu, kwa kuwa shemeji alikuwa anatazama, akaitoboa sita. Vumbi la chuma likamwagika sakafuni.

"Mdomo wako utakuponza, fundi," alisema shemeji, akaondoka bila kuaga.

Chomoa alifanya kazi huku akipiga mluzi. Diski mpya zikaingia, programu zikapandishwa, na saa saba na nusu seva ikaamka kufumba na kufumbua, nyepesi, kanzidata tupu ikisubiri kujazwa. Nje, mabenchi ya kliniki yalikuwa yameshajaa. Mkurugenzi alichungulia mlangoni, akaangalia saa yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Chomoa alijisikia mtu.

"Haya mama," alisema, akanyoosha kiganja. "Lete nakala tuzirudishe ndani."

Mama Faili aliangalia kiganja kile, kisha akaangalia vumbi la chuma sakafuni.

"Nizilete kutoka wapi, mwanangu? Si zilikuwa humo humo ndani ya seva, mahali salama kuliko pote?"