Mama Kanga Amtaja Mwanawe

Fisi walivamia bwawa wakaua wanyama wengi. Tangu hapo, kila siku ya kumbukumbu, chifu Ngiri alipanda kichuguu, akawalilia marehemu, kisha akanguruma, "Fisi wanarudi! Niachieni bwawa nililinde." Wanyama wakaogopa, wakawa wanakunywa kwa ruhusa yake.

Mwaka mmoja Mama Kanga, aliyefiwa na mwanawe siku fisi walipovamia, akasimama.

"Chifu, kila mwaka unawalilia marehemu wetu. Mwanangu aliitwa nani?"

Ngiri akababaika. "Walikuwa wengi, mama."

"Aliitwa Kidoti. Alipenda kuoga vumbi."

Swala naye akamtaja mumewe, Sungura akamtaja dadake. Kwa mara ya kwanza wakalia pamoja. Walipotulia, waliona hofu imewapungua. Wakamwacha Ngiri juu ya kichuguu, wakateremka wote kunywa maji, bila kumwomba ruhusa.